Kanola imeungua na jalidi, nipande upya au nisubiri?

Mtoto wa Makete
Wakuu, habari za usiku. Nipo Saskatchewan, Canada. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya ngano ya watu miaka tisa, mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nimekodi la kwangu, ekari 160. Nimepanda kanola, ile jamii ya haradali inayokamuliwa mafuta. Tarehe 9 Mei mbegu ikaingia, ikaota vizuri mno. Usiku wa kuamkia juzi anga jeupe, upepo umekufa kabisa, kipimajoto kikashuka mpaka nyuzi 4 chini ya sifuri. Asubuhi nikakuta miche imelala kama mchicha uliochemshwa, jana majani yakawa meusi. Nipande upya au niache? Sijalala siku mbili.

Jembe Butu
Pole sana mkuu. Ila umekimbia baridi ya Makete ukaifuata ya Canada? Rudi nyumbani, ardhi ipo.

Shangazi wa Uyole
Pole mwanangu. Mwezi wa saba mwaka juzi viazi vyangu vya bondeni viliungua usiku mmoja. Vya shemeji yangu kilimani, hatua 200 tu, havikuguswa hata jani. Baridi inatiririka kama maji, inatuama kwenye mabonde. Tangu siku hiyo kule chini napanda majani ya ng'ombe.

Mtu wa Bukavu
Kaka, mimi niko Manitoba, jirani yako. Bosi wangu mpaka leo anasimulia mwisho wa Mei 2015, jalidi ilichoma kanola hapa na huko kwenu, watu wengi wakapanda mara ya pili. Usitazame majani. Tazama katikati ya yale majani mawili ya kwanza, kuna kichipukizi. Kikiwa kijani na kigumu, mche uko hai. Subiri siku nne mpaka kumi ndiyo utajua. Ngano bado imeficha kichipukizi chake udongoni, ndiyo maana inarudi. Kanola inakitoa nje tangu siku ya kuota. Watu wa bima wamefika?

Mtoto wa Makete
Asante kaka. Suala la bima nitalishughulikia. Nilichotaka kujua ni kupanda au kuacha.

Kipanga
Utalishughulikia lini? Unayo au huna?

Mtoto wa Makete
Ninayo, nilijiandikisha kabla ya 31 Machi. Sijawapigia. Na niseme tu: jana mchana nilishafunga mashine nikapanda upya ekari 45. Msinihukumu. Kanola inataka kama siku 100, na Septemba jalidi inarudi. Ikikuta mbegu hazijakomaa zinabaki na ukijani ndani, bei inaporomoka. Kila siku ninayosubiri huku naikosa kule mwishoni. Mashine ni ya mzee niliyemfanyia kazi, kaniazima siku tatu. Mbegu nimeshazichukua kwa mkopo. Mngekuwa mimi mngekaa?

Mtu wa Bukavu
Kaka! Kanuni ni mkaguzi aone kwanza, ndipo uguse. Ukishaivuruga, atahesabu nini?

Kipanga
Hii chai. Mwisho wa Mei, kiangazi kinabisha hodi, barafu itoke wapi? Ekari 160 peke yako, na bima juu? Weka picha.

Jembe Butu
Na mimi nilishaanza kunusa tangawizi.

Shangazi wa Uyole
Chai au si chai, mtu kasema hajalala. Mwache aeleze.

Kipanga
Basi ajibu: mashine yake inapanda kwa nafasi gani, mbegu inazama kiasi gani?

Mtoto wa Makete
Mstari na mstari inchi 10. Mbegu nusu inchi mpaka inchi moja, zaidi ya hapo haitoki. Picha zinagoma, mtandao hapa ni wa kubahatisha. Nipeni saa moja.

Mtoto wa Makete
Nimerudi kutoka shambani, nilikwenda na tochi. Nilitengeneza fremu ya mbao, futi moja kwa futi moja, nikaitupa mara kumi nikipiga magoti. Bondeni: sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja. Kilimani, sehemu iliyobaki: nne, tatu, tano, tatu, nne. Unafunua majani meusi, katikati kuna kitu cha kijani, ukubwa wa punje ya ulezi, ukikibonyeza kwa ukucha ni kigumu. Wakuu, zile ekari 45 zote ni za kilimani. Nilianzia huko kwa sababu bondeni kulikuwa na tope, niliogopa mashine itazama.

Kipanga
Mkuu, nisamehe.

Mtu wa Bukavu
Pole kaka. Kilimani usiguse tena. Hata miwili mpaka mitatu kwa futi, ikiwa imetawanyika sawasawa, kanola inatoa matawi na kuziba pengo. Mara nyingi inashinda ile ya kupandwa Juni. Bondeni ndiko pa kuuliza. Piga bima asubuhi, uwaambie na hizo 45, usizifiche. Utabaki na za kilimani zilizosalia, na bondeni pengine watakuelewa.

Shangazi wa Uyole
Na ule kitu, mwanangu.

Mtoto wa Makete
Nimekula, shangazi. Mashine nimeizima, ufunguo nimempa mke wangu. Ofisi yao inafunguliwa saa mbili asubuhi. Hizo 45 ndizo nitakazoanza nazo.