Zana za kuchora kweri zinatoa namba za uongo, na lawama anabebeshwa mtumiaji

Wakuu, hili limenifika shingoni na leo nalisema wazi. Hizi zana za kuchora kweri, yaani maswali tunayoiuliza hifadhidata, ambazo unaburuta majedwali, unayaunganisha kwa kipanya, unatia tiki kwenye safu unazotaka kisha unabofya kitufe cha kuendesha, zinatudanganya mchana kweupe. Zingekuwa zinakwama nisingelalamika, maana kosa linaloonekana hurekebishwa. Hizi hazikwami. Zinatoa namba, namba inaingia kwenye ripoti, ripoti inasainiwa, na namba yenyewe si ya kweli.

Chukueni mfano mdogo ambao kila mtu anaweza kuujaribu. Oda moja ina bidhaa 3. Mteja ameilipia kwa awamu mbili, 50 na 50, jumla 100. Una majedwali matatu: oda, bidhaa za oda, na malipo. Unayaweka yote matatu kwenye skrini, zana inachora viungo yenyewe, unaomba jumla ya malipo. Jibu linakuja 300. Kila bidhaa imekutanishwa na kila malipo, 3 mara 2 zikapatikana rekodi 6, na kila rekodi imebeba 50. Onyo hakuna. Mtu akihisi namba imevimba anakiona kile kisanduku cha kuondoa marudio, anakitia tiki kwenye jumla. Sasa jibu ni 50, kwa sababu malipo mawili yanayolingana yamehesabiwa kama moja. Kwanza 300, halafu 50, na ile 100 haikutokea popote.

Kinachonichoma ni kwamba zana inajua. Imesoma funguo za majedwali, yaani safu zinazoyaunganisha, ndiyo maana iliweza kuchora viungo bila kuambiwa. Inajua oda moja ina bidhaa nyingi, na inajua oda hiyohiyo ina malipo mengi. Ujuzi huo unatosha kabisa kumwambia mtumiaji kabla hajaendesha: "Jumla hii itazidishwa na idadi ya bidhaa." Sentensi moja tu! Kila toleo jipya linakuja na rangi mpya na vitufe vilivyohamishwa, sentensi hiyo haijaandikwa mpaka leo.

Halafu kuna suala la wadaiwa. Ukiburuta kiungo, kinachowekwa kwa kawaida ni INNER JOIN, yaani rekodi isiyo na mwenzake upande wa pili inatupwa nje. Omba orodha ya wateja pamoja na walicholipa, na mteja ambaye hajalipa chochote anatoweka. Yule unayemtafuta kuliko wote ndiye asiyekuwepo. Unafungua kidirisha cha kiungo, unabadili kiwe LEFT JOIN, yaani wateja wote wabaki hata wasio na malipo, anarudi. Unaongeza sharti kwamba malipo yawe ya mwaka 2024, anatoweka tena, kwa sababu zana imelipeleka sharti kwenye WHERE, sehemu inayochuja rekodi zikishaunganishwa, na pale tarehe iliyo tupu haipiti. Sharti lilitakiwa likae kwenye ON, sehemu inayosema rekodi ziunganishwe vipi, na zana tunayotumia kazini haina hata mahali pa kuliweka huko. Wakati huohuo mchoro bado unaonyesha LEFT JOIN, kama kwamba wateja wote wamo. Mchoro unasema hivi, jibu linasema vile.

Masharti nayo ni hivyohivyo. Kwenye gridi, lile jedwali la kuandikia masharti, yaliyo mstari mmoja ni AND (yote yatimie), ukishuka mstari wa chini ni OR (mstari wowote ukitimia unatosha). Unaandika "Kaskazini" na mwaka 2024, chini yake unaandika "Kusini". Umepata Kaskazini ya 2024 na Kusini ya miaka yote, kwa sababu mwaka ulitakiwa urudiwe kwenye mstari wa pili. Nani anamwambia mtumiaji hilo?

Ripoti ya namna hii ilifika hadi kwa wakubwa kazini kwetu. Dada wa uhasibu aliyeitengeneza alifuata mwongozo wa zana hatua kwa hatua, na ndiye aliyefokewa mbele ya watu. Tukawaandikia waliotuuzia. Wakajibu kwamba zana inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Jibu hilo limeniudhi kuliko kosa lenyewe.

Najua watakuja watu hapa kusema zana hizi ni za wasio wataalamu, anayetaka uhakika ajifunze SQL, lugha ya kuandika kweri kwa maneno. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Asiye mtaalamu ndiye anayehitaji kuonywa, maana mtaalamu akiona 300 atashtuka mwenyewe. Na wazo la kuuliza hifadhidata bila kuwa mprogramu si la jana. Moshé Zloof wa IBM alilileta katikati ya miaka ya 1970 na Query by Example, ambapo mtu anajaza mfano wa anachotaka ndani ya jedwali tupu. SQL yenyewe, iliyotoka IBM mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL, ilikusudiwa isomeke na watu wasio waprogramu. Ni wazo zuri, nalitetea. Lakini nusu karne imepita, hatuwezi kuambiwa bado ni changa.

Halafu ukijaribu kutoka kwenye mchoro, unaadhibiwa. Ukirekebisha SQL kwa mkono, mara nyingi mchoro unakataa kufunguka, au unafunguka na kuiandika upya kwa mabano yasiyohesabika huku maelezo uliyowaachia wenzako yamefutwa. Nyingine zinahifadhi kazi kwenye faili ambayo hakuna mwingine anayeweza kuisoma, hivyo mwenzako hawezi kukukagua hata akitaka.

Ninachodai hakihitaji uvumbuzi. SQL ionekane muda wote pembeni ya mchoro, isifichwe kwenye menyu ya tatu. Kila kiungo kionyeshe rekodi ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, ili mtu aone 1 imekuwa 6 au wateja wamepungua. Aina ya kiungo iandikwe kwa maneno, "wateja wote, hata wasio na malipo", badala ya kialama kidogo kisichoeleweka. Na jumla inayozidishwa isitolewe mpaka mtumiaji ameonyeshwa kwa nini inazidishwa.

Mwenye zana inayofanya hata mawili kati ya haya aitaje hapa, tutaijaribu kwa mfano huohuo wa oda moja. Na ninyi mnaozitengeneza, najua mnapita humu, jibuni: kwa nini mnaruhusu 300 itoke bila neno?