Unga wa ngano kwa boflo: protini 12.5 au 10, upi una faida kwa mfuko?

Tanuri_la_Chake
Assalamu alaikum wanajukwaa. Naomba msaada wa hesabu kwa wanaojua unga. Hapa Chake Chake napata aina mbili za unga wa ngano, mifuko ya kilo 50. Wa kwanza umeandikwa protini gramu 12.5 kwa gramu 100, wa pili gramu 10. Wa kwanza ni ghali zaidi kwa shilingi 6,000. Mkando ni huo huo kwa zote mbili: maji lita 28.5, sukari kilo 1, chumvi gramu 900, hamira ya chenga gramu 400, mafuta nusu kilo. Donge ni gramu 100, na boflo, yaani mkate mdogo, nauza jumla shilingi 200.

Unga wa 10 unanipa madonge kama 810, lakini 30 hivi hutoka bapa na wenye maduka wanayakataa. Unga wa 12.5 hautoi bapa, ila donge ni gumu, ukilivuta linarudi, boflo linatoka fupi na ganda linachanika ubavuni. Nishike upi? Na hiyo namba ya mfukoni niitegemee kiasi gani?

FundiMkando
Wa alaikumu salaam kaka. Kosa liko kwenye maji. Unga wa 12.5 umeuhukumu kwa maji ya unga wa 10. Protini ikipanda gramu moja, unga huomba maji zaidi kwa takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wake. Lita 28.5 kwa kilo 50 ni asilimia 57, kiwango cha unga dhaifu. Wenye nguvu upe asilimia 61, yaani lita 30.5. Usimwage zote pamoja: anza na 29.5, iliyobaki iongeze kidogo kidogo baada ya dakika nne za kukanda.

Muda pia. Kama wa 10 unaukanda dakika 8, huu utataka 11 au 12. Chukua kipande cha donge, kivute kwa vidole taratibu: kikitanda kama utando unaopitisha mwanga bila kutoboka, mkando umeiva. Kikikatika mapema, endelea. Ukishakata madonge, yafunike uyaache dakika 15 hadi 20 kabla ya kuyavuta. Donge linalorudi ni gluteni, ile protini ya ngano inayolifanya donge livutike, iliyobanwa, na dawa yake ni kupumzishwa. Ukilivuta kwa nguvu, gluteni hukatika, na ndipo ganda linapochanika tanurini.

Bi_Hisabu
Maji ndiyo yanayogeuka pesa, kwa hiyo tuhesabu. Mkando wako wa sasa ni kilo 50 za unga, 28.5 za maji na kilo 2.8 za vikolezo: jumla kilo 81.3, madonge 813. Unga wenye nguvu kwa lita 30.5 unakupa kilo 83.3, madonge 833. Umeongeza maboflo 20, sawa na shilingi 4,000. Lakini umelipa 6,000 zaidi. Kwa maji peke yake umepoteza 2,000 kila mfuko, na wengi husimama hapo wakasema unga ghali haulipi.

Weka sasa yale 30 ya bapa. Yakiisha yote, umeokoa 6,000, na faida yako ni 4,000 kwa mfuko. Toa umeme wa dakika tatu nne za ziada za mashine. Bado inalipa, ila kwa wembamba, na yote inategemea yale 30 yaishe kweli. Yakibaki 10, faida ni 2,000 tu.

Ndiyo maana mimi ningekuambia uchanganye. Boflo halihitaji 12.5, linakaa vizuri kwenye 11 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: 11 toa 10 ni 1, gawa kwa tofauti ya unga wako wawili, 2.5, unapata asilimia 40. Kwa hiyo kilo 20 za unga wenye nguvu na kilo 30 za dhaifu. Gharama inapanda shilingi 2,400. Maji yanapanda hadi lita 29.5, maboflo 10 zaidi, 2,000. Bapa zikishuka kutoka 30 hadi 10, umeokoa 4,000. Faida 3,600, karibu sawa na kutumia unga ghali mtupu, na donge linavutika bila kukupigania.

Nakuomba kitu kimoja, kaka: usipunguze donge likawa gramu 90 kwa sababu unga mzuri unaliumua likaonekana kubwa. Donge la gramu 100 likitoka tanurini huwa 86 hadi 88. Mama anayenunua maboflo matano ya watoto wa skuli ananunua chakula, hanunui hewa.

Msagishaji
Kuhusu namba ya mfukoni. Ni ya kweli kwa wastani, lakini kinu hakisagi ngano ya aina moja. Huchanganya: ngano ngumu nyekundu ya masika kutoka Canada na kaskazini ya Marekani huwa na protini 13 hadi 15, ngumu ya majira ya baridi 10 hadi 12 na zaidi kidogo, laini 8 hadi 10. Ngano nyingi inayoingia Afrika Mashariki hutoka Urusi, nayo huuzwa kwa daraja la protini. Meli ikibadilika, mchanganyiko nao hubadilika, na mfuko ni ule ule. Kusaga nako kunapunguza: unga mweupe huwa na protini pungufu kwa takriban gramu moja kuliko ngano yenyewe, kwa sababu sehemu yake huondoka na pumba.

Tena protini nyingi si lazima iwe protini njema. Ngano ya tambi, duramu, ina protini ya kutosha, lakini gluteni yake ni fupi na haiumuki kama ya mkate. Kwa hiyo ipime gluteni mwenyewe kila unapoingiza shehena mpya. Unga gramu 100, maji gramu 60, kanda donge, lizamishe kwenye maji dakika 30. Halafu lioshe kwa mkono juu ya chekeche, chini ya maji membamba, mpaka maji yasitoke meupe tena. Kilichobaki kikamue vizuri ukipime. Gramu 28 hadi 32 ni unga wa mkate. Ikiwa 20 hadi 24 uweke kwa keki na biskuti. Kisha kivute: kikikatika kama udongo, au kikitiririka kama gundi, namba ya mfukoni haitakusaidia.

Jambo jingine ni ngano iliyonyeshewa shambani ikaanza kuota kabla ya kuvunwa. Protini yake inaweza kuwa 12 na bado boflo likanata ndani kama halikuiva, kwa sababu kimeng'enya cha ngano kimeshavunja wanga. Ukiona ganda linakuwa jekundu haraka na ndani kuna unyevunyevu, usiongeze moto. Rudisha shehena.

FundiMkando
Nimesahau joto, na kwetu ndilo linaloua maboflo mengi. Mkando ukitoka mashineni uwe nyuzi 26 hadi 28. Ukitoka 32, hamira hukimbia, donge huchoka kabla halijafika tanurini, na bapa zinatokea hata kwa unga wa 12.5. Kujua joto la maji, zidisha joto unalolitaka, 27, kwa 3, unapata 81. Toa joto la unga, 30, la chumba, 31, na la msuguano wa mashine, kama 10. Maji yanatakiwa nyuzi 10. Kama ya mferejini ni 28, katika lita 29.5 weka barafu kilo 5 iliyopondwa, na maji lita 24.5. Barafu ihesabiwe ndani ya maji, isiwe nyongeza.

Tanuri_la_Chake
Ahsanteni sana. Barafu sikuwahi kutia hata siku moja. Suala la mwisho: maji yangu ni ya kisima na yana chumvichumvi kidogo. Yanaharibu? Na kuna muuzaji ananishawishi ninunue dawa ya kuimarisha unga, nitumie wa 10 peke yake.

Msagishaji
Maji ya chumvi hukaza gluteni na kuichelewesha hamira, kama ambavyo chumvi ya mkononi hufanya. Ukiyatumia, shusha chumvi kutoka gramu 900 hadi 700 kwanza uonje. Maji ya maweni yenye chokaa nayo hukaza donge, kwa hiyo siku ya kupima unga mpya tumia maji yale yale ya kila siku, usije ukalaumu unga.

Hiyo dawa, uliza ndani mna nini kabla ya kulipa. Vitamini C inafaa: gramu 2.5 kwa mfuko wa kilo 50, ikoroge kwenye maji kwanza. Ikiwa ni bromati ya potasiamu, iache. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka kwenye vitu vinavyoweza kuleta saratani. Vitamini C itaunyanyua kidogo unga wa 10, lakini protini haiongezi. Jaribu nusu mfuko wa mchanganyiko wa Bi Hisabu na nusu mfuko wa 10 wenye vitamini C, siku moja, tanuri moja, kisha hesabu yaliyouzika, si yaliyookwa.

Bi_Hisabu
Na mifuko iinue juu ya mbao, iwe mbali na ukuta. Unga ukivuta unyevu wa pwani utakubali maji machache, na hesabu yote ya hapo juu itakupotea bila kujua ilikokwenda.