Ndama wa alfajiri katika baridi ya Kabale

Swali: Ndugu wafugaji, Juni hii baridi ya huku Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, inauma. Kila siku mimi na mama watoto hukamua ng'ombe watatu, hukata majani yaliyolowa umande na kufagia zizi kabla ya saa mbili asubuhi. Leo mmoja amezaa alfajiri, na ndama anatetemeka, manyoya yamegandamana. Je, nimalize kukamua kwanza?

Jibu, Mbarara: Hapana, ndugu yangu, maziwa ya kuuza yangoje. Mkaushe kwa gunia mpaka manyoya yasimame, kisha mnyweshe dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake baada ya kuzaa: ndama wa kilo 30 apate lita 3 hivi ndani ya saa 6 za kwanza, kwa sababu utumbo wake hupoteza upesi uwezo wa kufyonza kinga ya mama yake. Mtie kidole mdomoni. Ukihisi ubaridi, msogeze penye joto.

Jibu, Fort Portal: Naungana na dada wa Mbarara. Kitovu kipakwe iodini. Banda nalo lisizibwe lote, maana harufu kali ya mkojo huumiza mapafu. Kinga upepo chini, juu pawe wazi.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Amesimama, ananyonya.