Msimamizi amuombe vipi radhi aliye chini yake?

Muulizaji: Bwana asifiwe wapendwa. Msimamizi amemfokea kibarua mbele ya wenzake, kisha ikabainika kosa halikuwa lake. Aombe vipi radhi bila kupoteza heshima kazini?

Mzee wa Kanisa: Mathayo 5:23-24 yataka uiache sadaka madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kwa hiyo asingoje Jumapili, aende leo. Ataje kosa lenyewe: "Nilikufokea kwa jambo ambalo hukulifanya. Nisamehe." Kisha anyamaze. Kinachoharibu ni neno "lakini": "nisamehe, lakini na wewe huwa mzembe". Hapo amerudi kushitaki. "Kama nimekukwaza" nayo ni mbaya, maana inamwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Mama Mchungaji: Naongeza, mpendwa. Alimfokea hadharani, basi amsafishe jina mbele ya watu walewale. Wengi humwita mtu pembeni, na aibu inabaki palepale. Kama alimkata ujira, aurudishe wote siku hiyohiyo; Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:8).

Kuhusu heshima, soma Yohana 13:13-14. Yesu aliwaosha wanafunzi miguu akiwa bado Mwalimu na Bwana. Kesho yake msimamizi agawe kazi kama kawaida. Kumwogopa kibarua au kumpunguzia kazi kwa aibu si unyenyekevu.

Mwinjilisti: Asiposamehewa papo hapo, asimbane kwa mistari ya Biblia. Ampe muda, na salamu ya asubuhi isikatike.