Panzi, kigari changu cha mchangani, hageuki kwenye mchanga wa Msimbati, halafu anachemsha. Nimekosea wapi?

Fundi Friji, Ligula

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi friji hapa Mtwara mjini. Friji naijua, magari nimejifunza kwa kusimama kwenye gereji za watu mpaka nifukuzwe. Miezi kumi na moja sasa naunda kigari cha mchangani uani kwangu, kwa pesa ya korosho za msimu juzi ambayo mama watoto alidhani inaezeka nyumba. Yeye anakiita kitanda cha wodini chenye magurudumu. Watoto wa mtaa wamekipa jina la Panzi na limeshika.

Panzi yukoje: fremu ni bomba la inchi moja na nusu, nimepinda na kuchomelea mwenyewe. Injini ni 4E ya Toyota Starlet, cc 1331, ilitoka kwenye gari lililopinduka. Nimechukua injini, gia boksi, shafti na mahabu yake, vyote kama vilivyokuwa mbele ya Starlet, nikavipeleka nyuma ya siti. Tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu kwa staringi) nimezifunga kwenye fremu ili magurudumu ya nyuma yasijigeuze. Mbele nimeweka miguu ya Suzuki Carry pamoja na springi na staringi yake. Tairi ni pana zote nne, nyuma za Hilux, mbele za gari dogo lakini pana vilevile, maana zinapendeza. Rejeta iko nyuma ya mgongo wangu, na feni iko kati ya rejeta na injini.

Jumamosi nilimpakia kwenye Canter hadi Msimbati. Kwenye mchanga mbichi alikwenda vizuri, nikapiga kelele kama mtoto. Nilipopanda kwenye mchanga mkavu nikakata staringi kushoto mpaka mwisho, Panzi akanyoosha mbele tu kama jahazi lililokatika usukani. Magurudumu yamegeuka, gari halijageuka. Nimeukosa mvinje kwa mkono mmoja. Nimejaribu mara sita, ni hivyohivyo. Upepo nyuma nilipunguza hadi psi 15, mbele niliacha 28 ili staringi iwe nyepesi.

La pili, dakika kumi tu sindano ya joto inapanda mpaka kwenye nyekundu. Mgongo nao unaniungua, nimerudi nyumbani nimebabuka kama mtu aliyelala juu ya jiko.

Fundi wa jirani anasema nitoe themostati na nitafute injini kubwa. Kabla sijaingia gharama nyingine (na kabla mama watoto hajajua), naomba ushauri.

Chuma cha Mtama

Mkuu toa hiyo themostati, hilo ni kopo la Wazungu wa baridi. Halafu weka injini ya Subaru. Ukikanyaga mafuta mkia unateleza, gari linageuka lenyewe. Hizo habari za staringi ni za wazee.

Mzee wa Trekta, Masasi

Mzee ndiye mimi, na staringi naitaka. Kijana wa Mtama, gari ambalo pua yake haishiki chini, ukiliongezea nguvu nyuma linazidi kunyanyua pua. Ataukosa mvinje wa kwanza, wa pili ataukumbatia.

Fundi Friji, themostati iache. Kazi yake ni kuizuia njia kubwa ya maji mpaka injini ifike nyuzi 80 na ushee, kisha inafungua. Ukiitoa, siku ya mwendo mzuri injini inabaki baridi, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli. Kama ni mbovu, nunua nyingine. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka.

Sasa nijibu haya. Moja, nenda kwenye chama chenu cha msingi, omba mizani ya korosho, pima kila gurudumu peke yake wewe ukiwa umekaa kwenye siti. Magurudumu mengine matatu yawekee mbao zenye kimo sawa na mizani, gari lisiiname. Mbili, simama juu ya pua ya hilo gari uruke. Linazama? Tatu, washa feni, weka karatasi kwenye rejeta upande wa siti, uniambie inanata au inapeperuka.

Fundi Friji, Ligula

Shikamoo mzee. Nimefanya yote leo. Karani wa mizani alitaka kujua Panzi ni daraja la kwanza au la pili.

Mbele kushoto kilo 52, mbele kulia 61. Nyuma kushoto 203, nyuma kulia 209. Jumla 525, na mimi ndani (nina 78).

Nimeruka kwenye pua mpaka majirani wametoka nje. Haizami hata nusu inchi.

Karatasi… mzee, naomba hili libaki kati yetu na watu wote wanaosoma. Karatasi ilinipiga usoni. Feni inazunguka kinyume. Nyaya nilizichanganya chanya na hasi, kwa hiyo inavuta hewa ya moto ya injini, inaipitisha kwenye rejeta na kuimwaga mgongoni kwangu. Mimi! Fundi friji! Mtu ambaye kila wiki nawafokea wateja kwa kubandika friji ukutani ikakosa hewa nyuma!

Mzee wa Trekta, Masasi

Marahaba. Usijilaumu, feni ya umeme wa betri ukibadili nyaya inageuza mzunguko bila kukuuliza. Lakini hata ukiirekebisha, rejeta hapo ilipo inajificha nyuma ya mgongo wako na ya siti. Ihamishie mbele kabisa. Utaua ndege wawili, utaona.

Tazama namba zako. Mbele una kilo 113 kati ya 525, yaani asilimia 21 na kitu. Tairi haligeuzi gari kwa kupinda tu, linageuza kwa kukandamiza mchanga pembeni, na kitu chepesi hakikandamizi. Lako linaelea. Tena umelivisha tairi pana lenye upepo 28, yaani ngalawa juu ya ngalawa. Nyuma ndiko tunakotaka upana, ili lisichimbe. Mbele weka tairi jembamba lenye mifereji mirefu ya kuzunguka, lichane mchanga kama jembe la kukokotwa. Upepo shusha, nyuma 10 na mbele 10, ukirudi kwenye barabara ngumu ujaze.

Kisha hamisha uzito. Betri, tangi la mafuta na rejeta viende mbele. Siti isogeze mbele kadiri magoti yanavyoruhusu. Usiogope tangi mbele, Volkswagen Beetle ilikuwa nalo huko, ila lifunge ndani ya fremu, si nje ya bomba la kwanza. Na kwa kuwa nimeitaja Beetle: hivi vigari vilipata umaarufu kwa fundi boti mmoja wa California, Bruce Meyers, ambaye mwaka 1964 alitengeneza bodi ya faiba kama anavyotengeneza boti. Ile iliyouzwa kwa wingi iliwekwa juu ya chesisi ya Beetle iliyofupishwa inchi kumi na nne na nusu. Injini nyuma kama yako. Tofauti ni kwamba ile inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala mpira wa maji wa kupasuka. Wewe umechagua maji, basi yahudumie.

Springi za mbele. Carry imebebeshwa dereva na abiria juu ya ekseli ya mbele, wewe umeziweka kubeba kilo 113. Ndiyo maana haizami. Gari la mchangani likisimama na dereva ndani linatakiwa liwe limekwishazama karibu theluthi ya safari ya shokapu, ili gurudumu liweze pia kushuka kulifuata shimo. Lako likipita tuta, gurudumu linabaki hewani, na lililo hewani halikati kona. Tafuta springi laini, jaribu shokapu za nyuma za bajaji. Nakuomba sana, USIKATE hizo za Carry. Vijana wanakata wakidhani zinalainika. Springi ukiipunguza mizunguko inakuwa ngumu zaidi, inafupika tu.

Binti wa Kuchomelea, Lindi

Samahani kaka, naingilia. Mimi nachomelea mageti na viti vya boti hapa Lindi. Umesema bomba la inchi moja na nusu, lakini bomba gani? Kama ni lile la maji lenye kung'aa, lile limepakwa zinki. Ukilichomelea moshi mweupe unaouona ni zinki, na usiku unapata homa na kutetemeka kama malaria. Nimepata mara mbili kabla sijajua. Kunywa maziwa hakuzuii, watu wanajidanganya. Ikwangue zinki kwa grainda pande zote za kiungo kabla ya kuchomelea, na fanyia kazi nje penye upepo.

Jingine, lile bomba linalokulinda kichwa usiliunganishe katikati kwa kuligusisha ncha kwa ncha. Ingiza kipande cha bomba jembamba ndani, toboa matundu kwa nje uchomelee na hapo pia. Kwenye pembe weka vibao vya pembe tatu. Na mkanda wa usalama ufunge kwenye fremu, si kwenye siti.

Fundi Friji, Ligula

Dada asante, na homa hiyo naijua! Nilimeza dawa ya malaria bure mwezi wa tatu. Ni bomba jeusi sasa, lakini upinde wa kwanza wa juu ulikuwa wa maji. Nimeukata.

Mvuvi wa Mikindani

Nyie mnapiga hesabu za springi, mimi nauliza, Msimbati mmeomba ruhusa kwa nani? Ile ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, tangu mwaka 2000. Kasa wanataga kule juu kwenye mchanga mkavu, palepale unapomkatia Panzi kona. Alama ya tairi kwako ni picha nzuri, kwa mtoto wa kasa ni mtaro, anaingia humo hafiki baharini. Nenda ofisi ya hifadhi kwanza. Wakikuruhusu, subiri bamvua maji yatoke mbali, pita kwenye mchanga mgumu wa chini, usipande juu, na usiende usiku.

Fundi Friji, Ligula

Mkuu, umenishika pabaya na una haki. Sikuuliza mtu, niliona magari mengine nikafuata. Kule sirudi mpaka nimefika ofisini kwao.

Fundi Friji, Ligula

Wakuu, wiki tano zimepita, narudi na majibu.

Rejeta iko puani. Nimepitisha mabomba mawili chini ya sakafu, kwenda na kurudi. Siku ya kwanza ilichemsha tena nikataka kulia. Kumbe hewa imekaa mahali pa juu pa bomba, maji hayazunguki. Hapo ufundi wangu ukanisaidia: nikachomelea kikoki cha shaba pale juu kabisa, kama ninavyofanya kwenye kompresa. Nikanyanyua pua kwa jeki, injini inaunguruma, nikafungua kikoki kikatema mapovu karibu dakika nzima kisha maji matupu. Kwisha. Nimeacha pia kutumia maji ya kisima, yale ya kwetu yana chumvi na kichwa cha injini ni aluminiamu. Themostati ipo, sufuriani ilifunguka vizuri. (Sufuria nimenunua nyingine. Msiulize.)

Betri na tangi viko mbele, siti imesogea sentimita 15. Nimerudi kwenye mizani. Mbele 168, jumla 533 kwa sababu ya mabomba na maji ya ziada, kwa hiyo asilimia 31 na nusu. Shokapu za bajaji zimeingia baada ya kubadilisha vishikio. Nikikaa, pua inazama kama mtu anayeitikia salamu. Mbele nimepata tairi nyembamba za mifereji, upepo 10 kote.

Majaribio nimefanya kwenye shamba la mjomba upande wa Nanyamba, udongo wake ni mchanga mtupu. Mikorosho imepandwa kwa mistari ya mita 12, nikawa napita mmoja kulia, unaofuata kushoto. Anageuka! Nikienda taratibu anafuata mkono. Nikiongeza mwendo bado ananyoosha kidogo kabla ya kukubali, na nimejifunza kuachia mafuta kabla ya kona ili pua ishuke, ndipo nakanyaga.

Mzee, ule mnyoosho uliobaki nautoaje? Niongeze uzito mbele?

Mzee wa Trekta, Masasi

Usiongeze, mchanga hautaki gari zito. Umewahi kuona trekta lina pedali mbili za breki? Shambani ukifika mwisho wa mstari unakanyaga breki ya nyuma ya upande mmoja tu, trekta linazungukia hapohapo. Vigari vya mchangani vina kitu hichohicho, ila kwa mikono: levya mbili kando ya gia, kila moja na masta silinda (pampu ya breki) yake, moja inabana gurudumu la nyuma kushoto na nyingine la kulia. Hapo huhitaji hata kugombana na staringi. Lakini kwanza kagua zile tairodi ulizofunga kwenye fremu. Zikiwa na mchezo kidogo tu, nyuma itajigeuza yenyewe na utanilaumu mimi.

Fundi Friji, Ligula

Ya kushoto ina mchezo, nimeitikisa sasa hivi kwa mkono. Naagiza mpya kesho. Levya mbili naanza kuzichora leo, ila shamba itabidi litulie kwanza. Mjomba amesema mikorosho inaanza kutoa maua, na ua moja likipukutishwa na Panzi atalipima kwa mizani ileile.