Mrejesho: paka wangu mchaguzi sasa anakula

Wiki tatu zilizopita niliuliza nimlishe nini paka anayenusa sahani na kuondoka zake. Asanteni sana. Kilichonifungua macho ni lebo: kumbe vile vikopo vya jodari anavyovipenda vimeandikwa "chakula cha nyongeza", si mlo kamili! Nimepata chakula kamili chenye nyama mwanzoni mwa orodha ya viambato, pamoja na taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa moyo na macho huharibika. Nilikichanganya kidogo kidogo na cha zamani kwa siku 10. Siku ya nne akagoma. Nikakipasha kidogo kinukie, akala. Ila aliyesema nimwache na njaa hadi asalimu amri, hapana: daktari wa mifugo ameniambia paka akikaa siku mbili tatu bila kula, ini linaweza kudhurika. Sahani bado anainusa kwanza, kama mkaguzi.