Hita ya mafuta, ya feni au boila ya gesi: ipi inakula hela kidogo?

Mbagala_Leicester
Wakuu, heshima kwenu. Nina miezi mitatu hapa Leicester, Uingereza: chumba, sebule, na mita ya kulipia kabla, yaani LUKU ya Kizungu. Redieta zipo, vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kutoka boila ya gesi, ila aliyenipokea alinionya nisiziguse, gesi ghali. Nikachukua hita ya feni, wati 2,000. Jumapili niliweka pauni 20. Alhamisi jioni nipo katikati ya kusonga ugali, giza. Kazini wananiambia hita ya mafuta, ile ya umeme yenye mafuta yaliyofungiwa ndani, ndiyo nafuu. Nichukue?

Fundi_Mabomba
Usitupe hela. Wati 2,000 ni wati 2,000, iwe feni iwe mafuta: uniti 2 kila saa, na joto ni lilelile. Ya feni inapasha upesi na ukizima baridi imerudi. Ya mafuta inajivuta, halafu inabaki na uvuguvugu. Basi.

Sasa piga hesabu. Kwangu Coventry uniti ya umeme ni kama peni 26, ya gesi kama peni 6. Hita yako saa 5 ni pauni 2.60 kila jioni. Boila inapoteza joto kiasi kupitia bomba la moshi, lakini hata ukitoa hiyo hasara, gesi inashinda zaidi ya mara tatu. Huyo aliyekuonya nadhani alikuwa anapasha nyumba nzima huku dirisha la bafuni liko wazi.

MamaNaima_Glasgow
Fundi, na sisi tusio na gesi? Nyumba yangu ni umeme mtupu. Nina zile hita nzito kama kabati, ndani zina matofali. Yanapata moto usiku kwa zile saa 7 za bei ya chini, mchana yanautoa taratibu. Tatizo watoto wanarudi shule, jioni inaingia, matofali yameshapoa! Na umeme wa mchana kwenye mpango huo ni ghali kuliko wa kawaida, kwa hiyo ukiwasha hita nyingine umeliwa mara mbili.

Kilichoniokoa ni blanketi la umeme. Langu ni wati 100, hata likilala linawaka halimalizi uniti 1. Nalitanguliza kitandani saa nzima, nikipanda nazima.

Kisauni_001
Washa jiko la makaa sebuleni, mambo kwisha 😂

Fundi_Mabomba
Hilo usilitanie ndugu yangu, kuna mtu atalisoma akaamini. Moshi wa makaa una gesi isiyo na harufu, na nyumba za huku zimezibwa kila tundu. Watu hulala wasiamke.

Shangazi_Luton
Mimi niwapinge kidogo hapo kwenye blanketi. Msimu wangu wa kwanza nilijibana hivyohivyo: sweta mbili, kanga kichwani, redieta zimezimwa, nguo naanika ndani. Februari navuta kabati nifagie, ukuta wa nyuma mweusi tii kwa kuvu, na koti langu la harusini limeota manyoya ya kijani. Mtoto alikohoa hadi Aprili. Ile hela niliyookoa ilirudi kwenye rangi na dawa ya ukuta.

Siku hizi chumba anacholala mtoto hakishuki chini ya 18, ndiyo nyuzi wanazoshauri Shirika la Afya Duniani. Vyumba visivyo na mtu nafunga vali ya redieta hadi chini, na mlango naufunga. Nikipika dirisha la jikoni nalifungua dakika 10.

Halafu kama unapata zile ruzuku za serikali, ulizia punguzo la pauni 150 la majira ya baridi. Hakikisha jina lako ndilo liko kwenye akaunti ya umeme. Mimi lilikuwa la mpangaji aliyenitangulia, nikakosa mwaka mzima.

Mbagala_Leicester
Fundi, boila niiwekeje basi?

Fundi_Mabomba
Kuna vitufe viwili, kimoja kimechorwa bomba, kingine redieta. Cha redieta wengi wanakiacha 75 au 80. Shusha 60. Maji yakirudi kwenye boila chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke ulioko kwenye moshi unageuka maji na lile joto lake linabaki ndani badala ya kwenda nje. Redieta hazitachoma mkono na chumba kitachelewa kupata moto, usishtuke. Ila kama una tangi la maji ya moto usishushe hadi hapo, vijidudu huzaliana humo.

Mbagala_Leicester
Mrejesho, wakuu. Wiki mbili sasa, boila 60, inawaka muda wa saa 1 asubuhi na muda wa saa 4 jioni. Chini ya mlango wa mbele nimekunja taulo, maana upepo uliokuwa unapita pale ulikuwa unapeperusha pazia. Gesi imekula pauni 17 wiki zote mbili, kuoga humohumo. Ile hita ya feni nimempa jirani Mnigeria. Nimemwambia ukweli wote, kaichukua hivyohivyo.

Kisauni_001
Mwambie asisonge ugali Alhamisi.